Vitu Vipya na vya Kale: Nyimbo Zetu Zilitoka Wapi?

Mazungumzo ya Kamati ya Nyimbo kwa wanakwaya na washirika, katika ibada ya Jubilei ya miaka 50 ya kwaya yetu



Tumepewa nafasi hii tuwaeleze nyimbo mtakazozisikia leo. Lakini kabla hatujaeleza, inatubidi tukiri jambo moja. Orodha ya nyimbo mnayoiona katikati ya kijitabu hiki ilitugombanisha.

Ilikuwa hivi. Mwezi wa Machi tulikaa kupanga nyimbo za Jubilei. Wazee walileta majina ya nyimbo sita, zote kutoka Tenzi za Rohoni na karatasi zetu za zamani. Vijana nao walileta sita, zote kutoka kwenye simu. Hakukuwa na hata mmoja uliofanana. Mzee mmoja wa besi akasema nyimbo za vijana ni za disko. Kijana mmoja akamjibu kwamba nyimbo za wazee ni za Wazungu waliokwisha kufa. Mama mmoja akafunga kitabu chake, akachukua kikapu, akaenda zake nyumbani. Siku hiyo tuliachana bila sala ya kufunga, na hilo halijawahi kuwa desturi yetu.

Mliokuwako miaka ile kwaya ilipogawanyika mnajua kwa nini tuliogopa. Tutafika huko.

Juma lililofuata mwenyekiti wetu alitoa shauri. Alisema tuache kwanza kubishana wimbo upi uingie na upi utoke. Kila aliyeleta wimbo aende akatafute ulikotoka: nani aliutunga, wapi, mwaka gani, na ulipitia njia gani mpaka ukatufikia sisi hapa milimani Taita. Kisha aje asimame mbele ya wenzake asimulie. Baada ya hapo ndipo tupige kura.

Kazi hiyo ilichukua miezi mitatu ya mazoezi ya Jumatano. Kura haikupigwa mpaka leo, kwa sababu haikuhitajika tena. Bwana Yesu, katika Injili ya Mathayo sura ya 13, alimtaja mwenye nyumba ambaye hutoa katika hazina yake vitu vipya na vya kale. Tulikuwa tumezoea kusoma habari hiyo kama mfano wa mtu mwingine. Mwaka huu tuligundua kwamba nyumba yenyewe ni yetu, na kwamba hatukujua kilichomo stoo.

Doo, ree, mii za ubaoni

Kwaya hii ilianza na watu 11. Hapakuwa na kinanda, hapakuwa na majoho, na kipaza sauti tulikiona kwa mara ya kwanza kwenye mkutano wa injili. Mwalimu wetu wa kwanza alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Alikuwa na ubao, chaki na kijiti cha kuonyeshea. Aliandika herufi tu: d, r, m, f, s, l, t. Noti za mistari hatukuzijua, na wengi wetu hatuzijui hata leo. Kwa herufi hizo saba tuliimba sauti nne chini ya taa ya karabai, na tulikwenda mashindano tukarudi na vyeti.

Tulidhani solfa ni mtindo wa walimu wetu wa Kiafrika, maana hatukuwahi kumwona Mzungu akiitumia. Kumbe ilianzia Uingereza, katika mji wa Norwich, kwa mwalimu mwanamke aliyeitwa Sarah Glover, ambaye alikuwa akitafuta njia rahisi ya kuwafundisha watoto kuimba. Katika miaka ya 1840 mchungaji mmoja, John Curwen, aliuchukua mtindo huo, akaurekebisha na kuueneza, ili hata mtu maskini asiye na chombo aweze kuimba kwa kusoma. Wamishonari wakauleta Afrika kwa sababu hiyo hiyo. Herufi huchapwa na mashine yoyote, na ubao wowote unatosha.

Huko ulikozaliwa, wengi wameuacha. Sisi tumeushika. Leo mtu akitaka kuona mama wa miaka 70, ambaye hajawahi kugusa kinanda, akipokea karatasi mpya na kuimba sehemu yake papo hapo, na aje Jumatano jioni. Hilo lilikuwa jambo la kwanza tulilojifunza: kitu kinaweza kuzaliwa kwa wengine na kikaja kulelewa kwetu.

Wimbo wa mazishini

Wimbo wa tatu katika orodha ni ule wa kustaajabia kazi za Mungu na ukuu wake. Hakuna mazishi hapa kwetu yasiyouimba. Wazee waliuleta kama mfano wa wimbo wetu wenyewe, wimbo wa baba zetu. Aliyepewa kuutafuta ni kijana wa besi, na alirudi na safari ndefu.

Maneno yake yalianza kama shairi la Kiswidi, mwaka 1885. Carl Boberg aliliandika baada ya radi na mvua kupita na kuacha utulivu. Watu wa huko wakaliimba kwa tuni ya kienyeji ya Uswidi. Mwaka 1907 likatafsiriwa kwa Kijerumani, na mwaka 1912 kwa Kirusi. Katika miaka ya 1930 mmishonari Mwingereza, Stuart Hine, akausikia wimbo huo kwa Kirusi huko Ukraini, akautia katika Kiingereza na kuongeza maneno yake. Ubeti wa mwisho, ule wa kwenda nyumbani, aliuandika baada ya Vita vya Pili vya Dunia, alipokuwa akiwahudumia wakimbizi waliouliza kila siku watarudi lini kwao. Kiingereza chake kilichapishwa mwaka 1949. Kisha wimbo ukavuka bahari, ukavaa Kiswahili, na ukapanda mlima mpaka makaburini kwetu.

Kijana alipomaliza, tulikaa kimya. Ubeti ule tumeuimba tukiwazika wazazi wetu na watoto wetu. Hatukujua kwamba kabla yetu kulikuwa na watu waliokuwa wakiulizia nyumbani kwao, na kwamba swali lao lilikuwa limo ndani ya wimbo. Mzee aliyekuwa ameuita wimbo wa baba zetu alisema, "Basi ni wa baba zetu na wa baba za wengine."

Gitaa

Sasa tuseme lile tulilosema tutafika.

Zaidi ya miaka 20 iliyopita, vijana tisa wa kwaya hii waliomba ruhusa ya kuleta gitaa na kinanda cha umeme. Kamati ya wakati ule ilikataa. Baadhi yetu tunaosoma maneno haya tulikuwa ndani ya kamati hiyo. Tulisema gitaa ni chombo cha baa. Tulisema wakitaka kucheza dansi waende mjini. Hatukuwauliza wanataka kupiga wimbo gani. Waliondoka.

Wakaanzisha kwaya yao katika darasa la shule ng'ambo ya barabara. Jumatano jioni sisi tukiimba huku tuliwasikia wakiimba kule, na kila upande ulipandisha sauti ili usiusikie wa pili. Hali hiyo ilidumu miaka mitatu. Ndugu wa tumbo moja waliimba katika kwaya mbili. Watu waliokula pamoja Krismasi walipishana mlangoni mwa kanisa bila salamu.

Kilichotukutanisha ni kifo cha mwalimu wetu wa kwanza. Kwaya zote mbili zilifika kaburini, kila moja na orodha yake, moja upande huu wa shimo na nyingine upande ule. Viongozi wawili wakatazamana, kila mmoja akingoja mwenzake akosee. Mjane wa mwalimu, ambaye alikuwa akiimba sauti ya pili tangu siku ya kwanza, hakumngoja yeyote. Akauanza wimbo mwenyewe. Ubeti wa kwanza uliimbwa na wachache. Kufikia ubeti wa pili zilikuwa zimepatikana sauti zote nne, kwa sababu besi walikuwa upande wetu na tena karibu wote walikuwa upande wao. Kwa miaka mitatu kila kwaya ilikuwa imeimba na pengo, na hakuna iliyokubali kulisema.

Tulirudiana. Lakini si wote tisa waliorudi. Watatu kati yao hawajaimba katika kanisa hili tena.

Kwa nini tunayataja haya siku ya sherehe? Kwa sababu wimbo wa tano katika orodha ya leo ni Usiku Mtakatifu, ambao wazee waliuleta kwa kuwa Jubilei yetu imeangukia Desemba. Binti wa sauti ya kwanza ndiye aliyetafuta ulikotoka. Uliimbwa kwa mara ya kwanza usiku wa tarehe 24 Desemba 1818, katika kanisa dogo la Oberndorf, karibu na Salzburg nchini Austria. Padre Joseph Mohr ndiye aliyeandika maneno na mwalimu Franz Xaver Gruber ndiye aliyetunga tuni. Waliuimba wawili hao, na chombo kilichowasindikiza kilikuwa gitaa.

Binti alilisoma neno hilo akaendelea, maana yeye alikuwa hajazaliwa wakati wa ugomvi wetu. Hakujua kwa nini wazee waliinamisha vichwa. Miaka ile yote mitatu tuliuimba wimbo huo kila Krismasi. Tuliwafukuza watoto wetu kwa ajili ya chombo kilichomkaribisha mtoto Yesu katika wimbo tulioupenda kuliko yote.

Leo wimbo huo utasindikizwa na gitaa. Tumewaandikia barua wale watatu. Kama wamo humu ndani, tunawaambia mbele ya washirika wote: tulikosa. Mtusamehe. Jubilei katika Mambo ya Walawi ni mwaka ambao kila mtu hurudi katika urithi wake, na nafasi zenu kwenye benchi la tena ni urithi wenu.

Kaseti kutoka ng'ambo ya mpaka

Tusije tukadhani kila wimbo ulitoka Ulaya. Nyimbo nyingi tulizojifunza kwa furaha kubwa zilikuja kwa barabara ya Taveta. Mwenzetu mmoja alikuwa utingo wa lori, na kila aliporudi kutoka upande wa Moshi alikuwa na kaseti mfukoni. Tulinunua betri kwa mchango. Tulikaa kuizunguka redio, tukisikiliza mstari mmoja, tukisimamisha, tukirudisha, kila sauti ikitafuta sehemu yake. Utepe ulipokwama tuliuzungusha kwa kalamu.

Kaseti iliyochakaa kuliko zote ilikuwa ya Kwaya ya Barabara ya 13, Ulyankulu, mkoa wa Tabora. Tuliyapenda magitaa yake na jinsi sauti zilivyojibizana. Ni mwaka huu tu tulipojua Ulyankulu ni mahali gani. Ni makazi yaliyofunguliwa kuwapokea wakimbizi kutoka Burundi baada ya mauaji ya mwaka 1972. Watu walifika pale wakiwa hawana kitu, wakafyeka msitu, wakahesabu barabara zao kwa namba, na humo humo zikatoka nyimbo zilizovuka mpaka na kuchezwa katika matatu za Kenya. Tuliposikiliza tena kaseti ile mwaka huu, baadhi yetu tulilia. Zamani tulikuwa tukisikiliza mdundo tu.

Na kabla ya kaseti kulikuwa na miguu. Mama zetu waliokoka katika Uamsho wa Afrika Mashariki, ambao ulianza katika miaka ya 1930 huko Rwanda na Uganda, na waliimba Tukutendereza wakisalimiana njiani. Ni Kiganda. Hawakujua Kiganda. Nao Waganda walikuwa wameutafsiri kutoka pambio la Kiingereza. Bibi zetu hawakuuliza pasipoti ya wimbo ule. Waliupokea kwa sababu walikuwa na furaha ile ile.

Ngoma

Wimbo wa saba utawashangaza wengine, maana ni Kigiriki na unapigiwa ngoma. Ni Kyrie, yaani ombi la rehema, kutoka Misa Luba. Misa hiyo ilizaliwa mwaka 1958 huko Kamina, katika jimbo la Katanga nchini Kongo. Padre Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, alikuwa na kwaya ya wavulana na walimu wao, na waliyatia maneno ya misa katika namna ya kuimba ya Waluba. Hawakuanza na karatasi. Misa ilijengeka mazoezini, midomoni mwa waimbaji. Mwaka huo huo walikwenda Ulaya, na watu wa huko wakashangaa kwamba rehema inaweza kuombwa kwa ngoma.

Wimbo huo ulitufikia kupitia Nairobi. Mwenzetu mmoja aliyekuwa akifanya kazi huko alirudi na kaseti ya Misa Luba iliyorekodiwa na kwaya ya Kenya, Muungano National Choir, chini ya Boniface Mganga. Rekodi hiyo ilitoka mwaka 1990. Wakenya wakiimba Kilatini kwa sauti za Kiluba! Tulijaribu mara moja, tukashindwa, tukaiweka kaseti kabatini. Tumeitoa mwaka huu.

Wazee wa miaka 80 waliomo humu wanakumbuka walivyofundishwa kwamba ngoma ni ya shetani na haipiti mlango wa kanisa. Hatukuwa peke yetu. Huko Ghana, ambayo wakati ule iliitwa Gold Coast, Ephraim Amu, mwalimu wa muziki na mtunzi mkubwa, aliondolewa mwaka 1933 katika chuo cha kanisa cha Akropong alikokuwa akifundisha. Aliwaudhi wakubwa kwa kuhubiri akiwa amevaa nguo ya kienyeji na kwa kupenda muziki wa nyumbani. Leo nchi yake inamheshimu na kuimba nyimbo zake. Basi sisi tuliokatazwa ngoma tulipokuwa watoto, tulipokuwa watu wazima tukakataza gitaa. Vijana, nanyi jihadharini. Siku itafika mtoto ataleta kitu msichokijua, na mtakuwa ninyi mnaoshika funguo za mlango.

Wimbo tunaousimamia wote

Kuna wimbo mmoja ambao haukuleta ubishi hata kidogo, nao ni Wimbo wa Taifa. Tuliuchunguza pia. Mwaka 1963 kamati ya watu watano, akiwemo Mchungaji Thomas Kalume, ilitafuta tuni ya kuiimbia nchi mpya, na ikaipata kwa jirani zetu Wapokomo wa Mto Tana. Ilikuwa tuni ya mama kumbembeleza mtoto. Askari husimama wima na rais huondoa kofia kwa ajili ya wimbo wa kulaza mtoto!

Majirani zetu wa Tanzania nao wanasimama kwa tuni ya Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya Wamethodisti karibu na Johannesburg, aliyeitunga mwaka 1897. Yeye alikufa mwaka 1905 bila kujua kwamba sala yake ingekuwa wimbo wa mataifa. Mtunzi hajui wimbo wake utafika wapi. Hilo ni faraja kwa kila mwanakwaya anayetunga kitu kidogo usiku na kuona aibu kukileta mazoezini.

Simu, na jinsi ya kumpokea mgeni

Sasa vijana wana simu, na ndani ya simu kuna nyimbo za ulimwengu mzima. Zamani wimbo mmoja ulichukua miaka 60 kutoka Uswidi kufika hapa. Leo binti anaupata akiwa ndani ya matatu. Hatulalamiki. Ni kwa simu hiyo kwamba mmoja wao alituletea Misa Criolla, aliyoitunga Ariel Ramírez wa Ajentina mwaka 1964, kwa Kihispania na midundo ya kwao. Tulipoisikia baada ya Misa Luba tulishangaa: miaka sita tu kati ya mbili hizi, watu wasiojuana, bahari katikati, na wote walikuwa wakimwomba Mungu kwa sauti ya nyumbani kwao.

Lakini waswahili walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wimbo unaosikilizwa mara moja na kuachwa ni mgeni wa siku mbili. Wimbo unaokuwa wa kwetu ni ule tulioupa jembe ukalima pamoja nasi, arusini, hospitalini na makaburini. Kwa hiyo kamati imekubaliana mambo manne, wazee kwa vijana, nasi tunayaweka mbele yenu:

Kwanza, anayeleta wimbo alete na jina la mtunzi, na mahali ulikotoka. Kuimba kazi ya mtu bila kumtaja ni kumla mtu jasho lake.

Pili, hatutaimba maneno tusiyoyaelewa. Kama ni Kiganda, Kizulu au Kilatini, tutajua kwanza tunamwambia Mungu nini.

Tatu, wimbo mpya utaimbwa angalau mara nne katika mwaka kabla ya kuachwa.

Nne, kwa kila wimbo mpya tutakaojifunza, tutafufua mmoja wa zamani, na kijana ndiye atakayeufundisha.

Daftari la mwalimu

Tumewapeleka Uswidi, Austria, Tabora, Kongo na Ajentina. Sasa tuwarudishe nyumbani, maana ni hapa tuliposhindwa.

Mwalimu wetu wa kwanza alikuwa mtunzi. Alitunga nyimbo kwa Kidawida, kwa tuni alizozisikia kwa mama yake wakati wa kulima na wakati wa kusaga. Aliziandika kwa solfa katika daftari la shule. Alipofariki daftari lilibaki katika sanduku, na mchwa wakaliingia. Ukurasa wa mwanzo una orodha ya nyimbo 23. Tumeweza kusoma 14. Zile tisa nyingine tuna majina yake tu.

Mjane wake alizijua zote. Yule yule aliyeuanza wimbo kaburini. Mara nyingi alituambia, njooni niwaimbie mwandike. Mwaka jana tulipanga kwenda na simu tumrekodi. Tukaahirisha, kwa kuwa tulikuwa tukihangaikia mchango wa majoho mapya. Tukapanga tena, tukaahirisha, mvua ilikuwa kubwa na barabara ilikuwa mbaya. Mwezi wa Agosti tulipanda kwake, lakini tulipanda na jeneza.

Majoho tunayo, mnayaona. Ni mazuri. Nyimbo hatuna.

Unaweza kukaa na simu usiku kucha ukatafuta nyimbo zile tisa. Hutazipata. Wimbo wa Boberg ulipona kwa sababu kila ulipofika palikuwa na mtu aliyeuandika na kumpa mwingine. Nyimbo za mwalimu wetu zilifika kwetu, na sisi tukawa mwisho wa njia. Waswahili walituonya, usiache mbachao kwa msala upitao. Tulibishana miezi juu ya wimbo wa nani ni mgeni, na wa nyumbani ukatuponyoka.

Wimbo wa mwisho wa leo

Mwezi wa Septemba Mungu alituonea huruma kidogo. Mama mmoja wa kijiji cha upande wa pili wa mlima, aliyeacha kuimba alipoolewa huko, alisikia habari zetu akatuma neno kwamba anaukumbuka mmoja wa zile tisa. Tulikwenda kesho yake, bila kungoja mchango. Aliuimba akiwa ameketi mlangoni akichambua maharagwe, ubeti wote, bila kusita. Lakini alikuwa sauti ya pili, na sauti ya pili ndiyo pekee anayoikumbuka. Tuni yenyewe, ile ya sauti ya kwanza, hana. Tena hana. Besi hana.

Vijana walisema wanaweza kutunga sauti zilizobaki. Wanaweza, na pengine siku moja watafanya hivyo na kuandika kwamba ni wao. Lakini leo tumeamua tofauti. Wimbo wa mwisho mtausikia kwa sauti ya pili peke yake, na utaimbwa na mama huyo akiwa na mabinti watatu aliowafundisha. Msidhani tumekosea. Msidhani kipaza sauti kimeharibika. Nafasi zile tatu tumeziacha wazi kwa makusudi.

Kama kuna mtu humu ndani ambaye, akisikia sauti ile, kitu kitamjia kooni kutoka utotoni, hata kama ni noti tano tu, tunamwomba kwa jina la Bwana asiende nyumbani. Mlangoni kuna meza, na kwenye meza kuna kijana mwenye simu na daftari jipya. Na kama si leo, tuite, nasi tutakuja kwako hata kama mvua inanyesha.

Kwa waliotutangulia, tunasema asante. Kwa waliotukosea na tuliowakosea, amani. Kwa watoto wa Shule ya Jumapili ambao watasoma kijitabu hiki katika Jubilei ya miaka 100, tunawaachia daftari likiwa na nyimbo 14, na moja nusu. Lijazeni.

Bwana awabariki nyote. Sasa tusimame, tuimbe.